Kijaluba cha siki cha Birmingham: fungua wavu kabla ya kusoma jina la fundi

Ukitaka kuanza kukusanya vitu vidogo vya fedha vya Kiingereza, vile ambavyo watu walitembea navyo mfukoni, mkobani au vikining'inia kwenye mkufu, anza na kijaluba cha siki ya manukato. Jamii hiyo ina vitu vingi: vikasha vya viberiti, vikasha vya kadi za jina, vijaluba vya ugoro, mikufu ya kiunoni yenye mkasi na funguo. Vyote vina uzuri wake. Ila hakuna kingine kinachobeba kazi nyingi za sonara ndani ya sentimita tatu au nne: kuchonga, kutoboa, kuchovya dhahabu, bawaba mbili, na mihuri ya ukaguzi sehemu zaidi ya moja. Tunavyovipima hapa ni vile vya Birmingham vya miaka ya 1790 hadi 1860, kwa kuwa ndivyo vinavyopatikana kwa wingi.

Kwa nje kinafanana na kijaluba cha tambuu kilichosinyaa hadi kuenea kwenye kiganja cha mtoto. Kifungue. Ndani kote kumechovywa dhahabu, na chini ya kifuniko kuna mlango wa pili, wavu mwembamba wa fedha uliotobolewa maua, majani au mizunguko, nao una bawaba yake. Chini ya wavu kilikaa kipande cha sponji kilicholoweshwa siki kali yenye mafuta ya lavenda, mdalasini, kafuri au karafuu, kiungo ambacho msomaji wa Unguja na Pemba hahitaji kuelezwa. Mwenye nacho alikinusa akipita penye mtaro unaonuka, au akihisi kizunguzungu kwenye chumba kilichojaa watu.

Dhahabu ile haikuwa pambo. Fedha ya Kiingereza ya kiwango cha 925 ina sehemu 75 kwa 1000 za metali nyingine, kwa kawaida shaba, na siki huishambulia shaba ikaacha kutu ya kijani. Dhahabu haiguswi na siki. Kwa hiyo kijaluba ambacho dhahabu yake ya ndani imekwisha kimepoteza kinga yake pamoja na rangi, na ukikiangalia kwa lenzi mara nyingi utakuta sakafu yenye vishimo vidogo pale sponji ilipokaa na unyevu miaka mingi.

Hukumu yetu kwa ufupi, kabla ya kuingia ndani: kwa kijaluba kizima chenye wavu wake wa asili, dhahabu yake ya asili na mihuri inayosomeka, hata kama fundi wake si maarufu, pesa yako haipotei. Kwa kijaluba cha fundi mashuhuri kilichosuguliwa hadi nakshi zikalala, unalipia herufi mbili za jina lake tu.

Wavu

Anza hapo kila mara. Wauzaji wengi hupiga picha ya kifuniko kwa mbele, yenye nakshi na jina, wakaacha wavu hadi picha ya nne au wasiupige kabisa. Ukiona hivyo, omba picha yake kabla ya kuuliza bei.

Vya mwanzo, vya mwisho wa karne ya 18, vina wavu wa matundu ya duara yaliyopangwa kwa mpangilio rahisi. Kadiri miaka inavyosogea, matundu yanageuka kuwa majani yaliyojikunja, vikapu vya maua, ala za muziki. Kufikia miaka ya 1830 mafundi wazuri walikuwa wanatoboa wavu kisha wanauchonga juu yake, hivyo jani lina mishipa na ua lina petali. Pitisha jicho kwenye kingo za matundu. Wavu uliokatwa kwa msumeno wa mkono una kingo zenye tofauti ndogo ndogo, hakuna majani mawili yaliyo sawa kabisa. Wavu wa kisasa uliomiminwa kwenye kalibu una kingo za mviringo, kama sabuni iliyotumika, na ndani ya pembe za matundu kuna vijidonge vya metali.

Kinachoharibika zaidi ni bawaba ya wavu. Bamba lake ni jembamba, na kwa miaka mingi watu wameliinua kwa ukucha au ncha ya kisu. Linapinda katikati, kisha pingili za bawaba zinachomoka moja moja. Wavu mzima hufunguka kwa kusukumwa kidogo, hukaa ulipoachwa, na ukifungwa hushika kwenye ukingo bila kuchezacheza. Ukiufunga ukainuka wenyewe, umepinda. Kuunyoosha kwa vidole nyumbani ni kosa, kwa sababu fedha iliyokwisha kukakamaa kwa kukunjwa huko nyuma hupasuka ikikunjwa tena.

Kuna jambo ambalo wanaoanza hawaambiwi. Vijaluba vingi vilivyopoteza wavu huuzwa kama vijaluba vya vidonge au vya ugoro. Angalia ukuta wa ndani, upande mmoja: ukiona vipingili viwili vidogo vilivyobaki, au mstari wa lehemu uliosagwa, hapo palikuwa na wavu. Bei yake inapaswa kushuka sana. Na kinyume chake hutokea pia. Mtu huchukua kijaluba cha kawaida na kukitilia wavu mpya ili kipandishwe daraja. Wavu wa namna hiyo mara nyingi hauna muhuri wowote, dhahabu yake ni ya rangi tofauti na ya sakafu, na haukai sawasawa kwenye kuta.

Mihuri, na jinsi ya kuisoma kwa mpangilio

Birmingham ilipata ofisi yake ya ukaguzi wa kiwango cha fedha mwaka 1773, baada ya Matthew Boulton, mwenye kiwanda wa mji huo, kulipigania suala hilo Bungeni. Kabla ya hapo ilibidi kazi za fedha zipelekwe mbali, kama vile Chester au London, kupigwa muhuri, zikirudi nyingine zimekwaruzwa. Muhuri wa mji ukawa nanga. Kwa hiyo kwenye kijaluba chako tafuta alama tano: nanga, simba anayetembea, anayethibitisha kiwango cha 925, herufi ya mwaka, kichwa cha mfalme au malkia, kinachoonyesha kodi imelipwa, na herufi za fundi.

Kichwa cha mfalme kilipigwa kuanzia 1784 hadi 1890, na ndicho kinachokupa makadirio ya haraka kuliko vyote. Kwa vijaluba vya kipindi tunachokizungumzia, kichwa kinachotazama kulia ni cha mfalme, ama George wa Tatu, George wa Nne au William wa Nne. Kinachotazama kushoto ni cha Malkia Victoria, yaani kuanzia karibu 1838. Muuzaji akikuambia "ni cha wakati wa King George" na kichwa kinatazama kushoto, jadili upya.

Herufi ya mwaka ndiyo inayowachanganya wengi. Ofisi ya Birmingham ilizungusha alfabeti kwa maumbo tofauti: herufi ndogo kuanzia 1798, herufi kubwa za Kigothi (zile za miandiko ya kale zenye pembe kali) kuanzia 1824, kisha mzunguko mwingine wa herufi kubwa kuanzia 1849. Kwa hiyo A peke yake haitoshi. Lazima utazame umbo la herufi pamoja na umbo la ngao inayoizunguka. P kubwa ya Kigothi, ikiwa pamoja na nanga na simba, ni 1838. Zaidi ya hapo, herufi ilibadilishwa katikati ya mwaka, wala si Januari, kwa hiyo P hiyo inaingia pia miezi ya mwanzo ya 1839. Ndiyo maana wauzaji makini huandika 1838/39.

Sehemu inayofunguka mara nyingi nayo ilipigwa muhuri. Seti kamili huwa ndani ya kifuniko au kwenye sakafu, na nusu ya alama, kama simba na herufi za fundi, kwenye sehemu nyingine na kwenye wavu. Linganisha. Herufi ya mwaka ya kifuniko ikiwa tofauti na ya sakafu, umeshika vitu viwili vilivyooanishwa. Wavu wenye herufi za fundi mwingine nao umetoka kwingine.

Muhuri halisi ulipigwa kwa nyundo na chapa ya chuma, kwa hiyo una kina kilichokatika vizuri na mara nyingi unaona bonyeo hafifu upande wa pili wa bamba. Wa bandia uliomiminwa pamoja na kijaluba ni mlaini, una vitundu vidogo kama vya mkate, na ukiona vijaluba viwili vyenye mikwaruzo ileile pembeni mwa muhuri uleule, vyote viwili vilitoka kwenye kalibu moja. Achana navyo.

Mafundi, na bei inakotoka

N.M ndani ya mstatili ni Nathaniel Mills, aliyesajili alama hiyo mwaka 1825, na ndilo jina linalopandisha bei kuliko mengine. Sifa yake ni ya haki. Wavu zake zimetobolewa kwa utajiri, pembe zake ni kali, na vifuniko vyake vyenye picha za majengo, ngome ya Windsor, Warwick, Kenilworth, Abbotsford ya mwandishi Walter Scott, Newstead Abbey ya mshairi Lord Byron, vina kina cha kushangaza kwenye bamba la ukubwa wa stempu. Picha hizo zilikuwa kumbukumbu za safari. Reli zilipoanza kupeleka watu wa tabaka la kati matembezini, kijaluba chenye ngome waliyoitembelea kikawa zawadi inayofaa.

Picha hizo ni za aina mbili, na muuzaji asipokuambia ni ipi, muulize. Moja imechongwa kwa patasi juu ya bamba bapa. Nyingine imebanwa kwa kalibu ya chuma hadi jengo likainuka juu. Ya kuinuka ndiyo inayotafutwa zaidi, na ndiyo inayoumia zaidi: kila msuguo wa kitambaa unapita kwenye minara kwanza. Tazama madirisha ya ngome. Kwenye kijaluba kizuri, madirisha ni mashimo yenye kingo. Kwenye kilichosuguliwa, yamebaki madoa. Jengo likiwa la kawaida kama Windsor na madirisha yamekwisha, usilipe bei ya ngome.

Kwa kuwa jengo linaongeza bei, kuna vijaluba vya kawaida vilivyotiliwa bamba la ngome baadaye. Dawa iko ndani ya kifuniko. Dhahabu ya asili ilitiwa baada ya kulehemu kukamilika, kwa hiyo ni ya rangi moja kutoka ukingo hadi ukingo. Aliyelehemu bamba baadaye aliichoma dhahabu hiyo kwa moto. Utakuta doa jekundu au la kijivu nyuma ya picha, au utakuta kifuniko kimechovywa upya huku sakafu ikiwa na dhahabu ya zamani iliyofifia. Rangi mbili ndani ya kijaluba kimoja zinahitaji maelezo.

Dhahabu yenyewe ina mambo yake. Ya zamani ilitiwa kwa zebaki: dhahabu ilichanganywa na zebaki, ikapakwa, kisha zebaki ikafukuzwa kwa moto. Ilikuwa kazi ya hatari kwa afya ya mafundi, na matokeo yake ni rangi nzito, ya joto, inayoingia hadi kwenye pembe. Kuchovya kwa umeme kulienea baada ya hataza ya akina Elkington, wa Birmingham hiyohiyo, mwaka 1840. Ukiona kijaluba cha 1815 chenye dhahabu ya njano kali inayong'aa hadi kwenye mikwaruzo, kimechovywa upya. Hilo halikifanyi kuwa cha bandia, lakini ni tengenezo na bei iakisi hivyo.

Ukiwa na bajeti ndogo, tafuta S.P ya Samuel Pemberton kwa vya mapema, vidogo na vyepesi, vyenye nakshi za kukata zinazometameta, J.W ya Joseph Willmore kwa kazi safi ya miaka ya 1810 hadi 1830; T&P ya Taylor na Perry; E.S ya Edward Smith na G.W ya Gervase Wheeler kwa vya miaka ya Victoria. Willmore hasa, kwa maoni yetu, anauzwa chini ya thamani ya kazi yake. Bawaba zake ukizitazama kwa ubavu hazionekani zinapoanzia. Matthew Linwood naye alitengeneza vijaluba vya kumkumbuka Nelson, kamanda wa jeshi la majini la Kiingereza, mwaka 1805, vyenye sura yake juu na meli yake ya Victory kwenye wavu. Hivyo viko kwenye daraja la bei la peke yake, na usivinunue bila mtaalamu kuvishika mkononi.

Cha kawaida chenye nakshi za mashine kwenye kifuniko hununuliwa kwa mamia ya pauni. Chenye jengo adimu, kwa hali nzuri, hufika maelfu. Uzito wa fedha hauna maana hapa. Vingi havifiki hata gramu 30.

Unapokishika

Beba lenzi ya sonara inayokuza mara 10 na taa ndogo. Pumulia kifuniko polepole: ukungu wa pumzi ukitanda na kuondoka, lehemu ya risasi na sehemu zilizojazwa huonekana kwa rangi tofauti, na jina lililofutwa huchomoza kwa sekunde moja. Kisha bonyeza katikati ya kifuniko kwa kidole gumba, taratibu. Kidirisha cha jina, yaani nafasi iliyoachwa kwenye kifuniko ili lichongwe jina la mwenyewe, kikinepa, jina la mwenyewe wa kwanza lilisuguliwa likatoka na bamba limebaki karatasi. Jina la zamani lililobaki, hata kama ni la mtu usiyemjua, ni afadhali mara kumi kuliko kidirisha kitupu kilichochubuliwa. Pitisha ukucha kwenye pembe nne za chini: hapo ndipo nyufa huanzia. Pete ndogo ya kuningʼinizia nayo huchakaa hadi ikawa uzi.

Lehemu ya kijivu, laini, ni kasoro kubwa kuliko ufa wenyewe. Ni risasi na bati. Sonara akija kukitia moto baadaye ili akitengeneze ipasavyo, risasi ile inaila fedha na kuacha mashimo. Lazima itolewe yote kwanza, na kazi hiyo hugharimu.

Mahali pazuri pa kujifunza kwa macho ni London Silver Vaults, chini ya ardhi kwenye Chancery Lane. Kuingia ni bure, maduka yako mlango kwa mlango nyuma ya milango ya chuma ya hazina, na ndani ya saa moja unaweza kulinganisha vijaluba vingi kuliko utakavyoona mwaka mzima mtandaoni. Bei ni za dukani, si za mnadani, lakini unalipia haki ya kushika, kuuliza na kupewa risiti yenye maelezo kamili. Makumbusho ya Victoria and Albert nayo yana kumbi za fedha zisizo na kiingilio; huko utayazoesha macho vitu vizuri.

Mnadani piga hesabu kabla ya kuinua mkono. Nyundo ikigonga kwa pauni 300 na ada ya mnunuzi ikiwa asilimia 25, ongeza 75. Juu ya ada hiyo kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20, ambayo ni 15. Umefika 390, na bado usafirishaji na ushuru wa nchi yako. Soma pia ripoti ya hali ya bidhaa. Neno "bawaba imetengenezwa" bila kutaja kwa lehemu gani, liulizie.

Kwa anayenunua akiwa Dar es Salaam, Mombasa au Muscat, omba picha sita: kifuniko kwa mwanga wa ubavu, mgongo, ndani ya kifuniko, wavu ukiwa umefungwa, wavu ukiwa wazi na sakafu ikionekana, na mihuri yote karibu kabisa. Muuzaji anayekataa picha ya tano anajua kuna nini hapo.

Kukitunza pwani

Hewa yetu ya chumvi na unyevu ndiyo adui. Toa sponji iliyokuja nacho. Uihifadhi kwenye bahasha ukipenda, lakini isirudi ndani, kwa kuwa inanyonya unyevu na kuukalisha kwenye sakafu. Usitie siki, wala marashi ya mafuta, ambayo hunasa vumbi kwenye matundu ya wavu. Majivu, ndimu na dawa ya meno, ambavyo vimesafisha bangili na vikuku vingi nyumbani kwetu, visiguse kijaluba hiki: majivu na dawa ya meno hukwangua dhahabu, ndimu huingia kwenye bawaba ikabaki humo. Yale maji ya kuchovya fedha ikatoka nyeupe nayo yaache, yanaondoa weusi wa kwenye kina cha nakshi ambao ndio unaolifanya jengo lionekane.

Inatosha kitambaa laini cha pamba, kikavu, kwa nje tu, mara mbili kwa mwaka. Ndani usisugue kabisa. Vumbi litoe kwa brashi laini ya rangi. Kihifadhi kwenye mfuko wa pamba usiopakwa dawa, ndani ya kopo linalofunga, pamoja na pakiti ya vipunje vya kunyonya unyevu. Raba, sufu na karatasi ya gazeti visikae karibu, kwa sababu salfa inayotoka humo huigeuza fedha kuwa nyeusi kwa wiki chache.

Bawaba ikikatika, usikubali moto. Pini iliyochakaa hubadilishwa bila joto: ya zamani inasukumwa nje, inaingizwa waya mpya wa fedha wa unene uleule. Pingili iliyochomoka ni kazi ya kulehemu kwa leza, ambayo joto lake linabaki kwenye nukta moja na dhahabu ya jirani haiungui. Mwulize sonara wako kama anayo mashine hiyo kabla hujamwachia kijaluba, na kama hana, kirudishe nyumbani kama kilivyo.